Tusimpe mgonjwa kikopo bila maelezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa wengi ni dogo mno kuandikiwa gazetini, nalo ni namna mkojo unavyochukuliwa na kupimwa. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 26, na sidhani kuna kipimo nilichokifanya mara nyingi kuliko hiki. Hakimuumizi mgonjwa, hakihitaji sindano, na majibu yake hupatikana kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo hiyo kimezoeleka hadi kimedharauliwa. Mgonjwa hupewa kikopo, huoneshwa mlango wa choo kwa kidole, na anachorudi nacho hupokelewa bila swali. Baada ya hapo majibu huandikwa, dawa hutolewa, na mgonjwa huondoka akiamini kwamba maabara imeuona ugonjwa wake, ilhali maabara haikuletewa kitu kinachofaa kupimwa.

Miezi kadhaa iliyopita alifika kwenye dirisha letu mama mmoja wa makamo. Pamoja na fomu ya daktari alikuwa ameshika mfuko wenye makaratasi ya majibu ya zamani, ameyakunja kwa uangalifu kama mtu anayetunza stakabadhi. Matatu kati ya hayo, yaliyotoka katika vituo tofauti ndani ya miezi mitano, yalisema jambo lile lile: chembe nyeupe nyingi (chembe za damu zinazopigana na maambukizi), bakteria wapo, protini ipo. Mara zote tatu alipewa dozi ya antibiotiki na kuambiwa ana mkojo mchafu. Nilipoweka tone la mashapo ya mkojo wake chini ya darubini, uwanja wote ulijaa seli pana, bapa, zenye kiini kidogo katikati, zimelaliana kama vigae vilivyomwagika. Seli hizo hutoka ukeni na kwenye ngozi iliyo karibu na tundu la mkojo. Hazitoki kwenye figo wala kwenye kibofu. Zikionekana kwa wingi namna ile, ujue kwamba mkojo ulioingia kikoponi umekwisha kusuuza kila kilichokuwa njiani, na kwamba chembe nyeupe na bakteria waliomo humo huenda hawajawahi kukaa kibofuni hata kwa dakika moja.

Nilitoka nikamwuliza, "Samahani mama, huu mkojo uliuchukuaje?" Alinitazama kama aliyeulizwa jambo la aibu, kisha akasema, "Mwanangu, nilipewa kikopo nikaambiwa nijaze. Nimejaza." Nilimwuliza kama katika vituo vyote hivyo kuna mtu aliyewahi kumweleza namna ya kuchukua mkojo wa kupima. Akatikisa kichwa. Nikamwita dada mmoja ninayefanya naye kazi, akakaa naye pembeni kwa dakika zisizozidi tatu, akamweleza, akampa kikopo kingine. Katika mkojo wa pili seli zile bapa zilikuwa za kuhesabika, chembe nyeupe hazikuzidi mbili katika uwanja mmoja wa darubini, na bakteria sikuwaona. Lakini kiraka cha protini kwenye kijiti cha kupimia kiligeuka kutoka manjano kuwa kijani iliyokolea, alama mbili za kujumlisha, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye makaratasi yake yote matatu.

Kilichoniuma ni hicho. Kwa miezi mitano protini ile ilikuwa imeandikwa, imesomwa, na imepitwa, kwa kuwa palikuwa na chembe nyeupe na bakteria wa kutibiwa. Daktari wetu alipompima shinikizo la damu alilikuta juu, akaagiza vipimo vya figo, na tatizo likaonekana kuwa huko. Habari zake nyingine ni zake mwenyewe. Mimi nasema tu kwamba dozi tatu za dawa alizimeza bure, na miezi mitano ambayo figo zake zingeweza kushughulikiwa ilipita.

Neno lenyewe, "mkojo mchafu", limetudhuru. Mgonjwa anapoambiwa mkojo wake ni mchafu huelewa kwamba kasoro iko katika usafi wa mwili wake, na kina mama ndio wanaobeba aibu hiyo zaidi. Nimewaona wakishusha sauti wanapolitamka neno hilo dirishani, huku wakigeuka kuangalia nani yuko nyuma yao. Tena ni neno linaloingia kila mahali. Maambukizi ya kibofu huitwa uchafu, sampuli iliyochukuliwa vibaya huitwa uchafu, damu ya hedhi iliyodondokea kikoponi huitwa uchafu, na protini inayovuja kwenye figo nayo huitwa uchafu. Mambo manne yasiyohusiana yakipewa jina moja, si ajabu yakapewa na dawa moja. Naomba sisi wa maabara na madaktari wetu tuache kulitumia, tumwambie mgonjwa kile hasa kilichoonekana.

Kwa faida ya msomaji asiyewahi kuingia maabara, nieleze kwa kifupi tunachokitafuta. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku, kisha hurudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki, lita moja hadi mbili hivi, ndicho mkojo. Kikopo kile kidogo kwa hiyo kina habari za damu, za figo zenyewe, na za njia yote ya mkojo hadi nje. Tunaanza kwa macho, kuangalia rangi na uangavu. Mkojo wa rangi ya chai nzito unaweza kuwa na damu au nyongo, na lazima uulizwe. Mkojo wa rangi ya chungwa kali unaweza kuwa wa mtu anayemeza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, wala hana jambo jipya. Kinafuata kijiti cha plastiki chenye viraka, mara nyingi kumi, ambavyo hubadilika rangi vikikutana na sukari, protini, damu, ketoni, nitriti, nyongo na vinginevyo. Mwisho huja darubini: mililita kumi hivi za mkojo huzungushwa kwa kasi kwenye mashine iitwayo sentrifuji kwa dakika tano, maji ya juu humwagwa, na mashapo yaliyotulia chini ndiyo huwekwa kwenye kioo.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa kwanza foleni ikiwa ndefu, nami huona kuiruka ni hasara kubwa. Kiraka cha damu, kwa mfano, hugeuka rangi kwa chembe nyekundu, lakini hugeuka vile vile kwa hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu, iliyotoka kwenye chembe zilizopasuka, na hata kwa mayoglobini inayotoka kwenye misuli iliyoumia. Kijiti hakitofautishi, darubini hutofautisha. Kuna nyakati unakuta katika mashapo vijibomba vidogo vya protini, vimeganda ndani ya mirija ya figo na kutoka vikiwa na umbo la mirija hiyo, na ukiona kijibomba kilichojaa chembe nyekundu umejua kwamba damu ile imetoka figoni kwenyewe wala si kibofuni. Kuna yai la kichocho, refu kidogo, lenye mwiba mmoja kwenye ncha, ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Hakuna kiraka kinacholiona yai hilo. Nalo hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivi kwamba mtu anayetafutiwa kichocho akileta mkojo wa alfajiri anaweza kuambiwa hana, naye anao.

Kuhusu muda, nitasema zaidi, kwa maana hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Mkojo hauvumilii kusubiri. Ukikaa kwenye joto la kawaida la chumba unapaswa kupimwa ndani ya saa mbili. Usipowezekana, uwekwe kwenye jokofu kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na hata huko usipite saa 24. Yanayotokea ukiachwa mezani ni haya. Bakteria wachache walioingia kwa bahati mbaya huanza kuzaliana, na baada ya saa kadhaa huonekana kama jeshi. Wanakula sukari, kwa hiyo mwenye kisukari anaweza kuandikiwa kwamba hana sukari katika mkojo. Baadhi yao hugeuza nitrati kuwa nitriti ndani ya kikopo, na kiraka cha nitriti hugeuka waridi kana kwamba mgonjwa alikuja na maambukizi. Wengine huvunja urea ikawa amonia, na mkojo unapokuwa wa alkali sana, kiraka cha protini nacho huweza kudanganya kwamba protini ipo. Wakati huo huo chembe nyekundu na nyeupe hupasuka, vijibomba vya figo huyeyuka, ketoni huruka hewani, na nyongo huharibiwa na mwanga. Kwa hiyo kikopo kilichochukuliwa asubuhi na kupimwa alasiri kinaweza kuonesha ugonjwa usiokuwepo na kuficha uliokuwepo, vyote viwili katika karatasi moja yenye sahihi na muhuri.

Nimeona vikopo vimepangwa kwenye dirisha lenye jua tangu kituo kifunguliwe, vingine havina vifuniko, na juu ya kila kimoja pameandikwa jina tu. Saa haikuandikwa. Mtaalamu anayekuja kuvipima hana namna ya kujua kipi ni cha sasa hivi na kipi kimekaa saa tano. Anapima vyote sawa, na si kosa lake peke yake.

Wala sijisafishi. Nilipokuwa kijana kazini nilikuwa nikichovya vijiti vya wagonjwa ishirini kwa mkupuo, nikavilaza mstari mmoja juu ya karatasi, kisha nikaanza kuvisoma kimoja baada ya kingine huku nikiandika kwenye daftari. Kila kiraka kina muda wake, umeandikwa ubavuni mwa chupa: sukari karibu nusu dakika, protini na nitriti karibu dakika moja, chembe nyeupe dakika mbili. Nilipofika kijiti cha ishirini, dakika nyingi zilikuwa zimepita na rangi zilikuwa zimeendelea kukolea zenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa mkuu wangu alisimama nyuma yangu siku moja, akachukua kijiti cha mwisho, akachovya kingine kutoka kikopo kile kile, akatazama saa yake ya mkononi, akaviweka viwili hivyo mbele yangu bila kusema neno. Havikufanana. Kimoja kilisema mtu ana chembe nyeupe nyingi, kingine kilisema hana. Tangu siku hiyo huchovya kimoja kimoja, na bado huwawazia watu ambao majibu yao niliyaandika kabla ya hapo.

Chupa ya vijiti nayo ina haki yake. Kifuniko chake kina dawa ya kunyonya unyevu, na kila dakika inayoachwa wazi mezani unyevu wa hewa huingia na kuviharibu viraka. Kuna vijiti ambavyo kiraka cha nitriti hugeuka rangi kwa kukaa hewani tu, kabla havijagusa mkojo wa mtu yeyote. Mgonjwa anaruhusiwa kutazama, na ninamshauri atazame, kama chupa inafunikwa baada ya kutoa kijiti.

Sasa nirudi kwenye maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo ndiyo sababu kubwa ya watu kuletwa kwenye dirisha letu. Kijiti kina viraka viwili vinavyosaidia hapa, cha nitriti na cha chembe nyeupe, na vyote viwili ni vya kuelekeza, si vya kuhukumu. Nitriti hutengenezwa na baadhi tu ya bakteria, tena mpaka mkojo ukae kibofuni kama saa nne, ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa jambo hili. Anayekwenda haja ndogo kila nusu saa kwa sababu ya maumivu anaweza kuwa na maambukizi ya kweli na nitriti isionekane. Chembe nyeupe nazo zinaweza kutoka ukeni. Jibu lenye uzito hupatikana kwa kuotesha mkojo, yaani kuupaka kwenye chakula cha bakteria, kuuweka kwenye joto la mwili, na kungoja siku moja hadi mbili kuona nani anaota, kwa wingi gani, na dawa ipi inamwua. Tangu kazi ya daktari Edward Kass wa Marekani miaka ya 1950, bakteria 100,000 wa aina moja katika mililita moja ndicho kiwango kinachotumika zaidi kutenganisha maambukizi na uchafuzi wa sampuli, ingawa kwa mwenye dalili wazi hata idadi ndogo zaidi inaweza kuwa na maana. Zikiota aina tatu au nne kwa pamoja, kwa kawaida ni sampuli iliyochukuliwa vibaya, na anayestahili dozi hapo hayupo.

Kuna jambo jingine ambalo hata watumishi wa afya hulisahau. Mtu anaweza kuwa na bakteria katika mkojo, walioota kweli kweli, na asiwe mgonjwa. Hana maumivu, hana homa, haendi chooni mara kwa mara. Hutokea sana kwa wazee na kwa wenye mpira wa mkojo. Mwongozo wa kitabibu ni kwamba watu hao kwa kawaida wasipewe antibiotiki, kwa sababu haiwasaidii, na inawafundisha bakteria kuizoea dawa. Wanaotengwa katika kanuni hiyo ni wajawazito, ambao kwao bakteria wasio na dalili wanaweza kupanda hadi figoni, na wale wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Ninapomwona mtu aliyekuja kupima afya yake tu, asiye na dalili yoyote, akitoka na mfuko wa dawa kwa sababu karatasi ilisema "bakteria wachache", naona tumemtendea isivyo haki, na tumemwandalia siku ambayo ataumwa kweli na dawa ile ikakataa.

Kinyume chake kiko kwenye protini, ambayo haipewi uzito unaoistahili. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa London alichapisha matokeo ya uchunguzi wake, akionesha kwamba wagonjwa waliovimba mwili na ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto walikuwa na figo zilizoharibika. Kifaa chake kilikuwa kijiko na mshumaa. Leo tuna kijiti cha haraka kuliko kijiko kile, na bado tunakipita kiraka hicho. Ni kweli kwamba protini inaweza kuonekana kwa muda tu, kwa mtu mwenye homa au aliyetoka kufanya mazoezi mazito, na kwa sababu hiyo jibu moja halitoshi kumwambia mtu figo zake zimeharibika. Linatosha kumwambia arudie. Ikionekana tena, ipimwe sawasawa kwa kulinganisha albumini, ambayo ni protini ya damu, na kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, katika sampuli ile ile. Ikizidi miligramu 30 za albumini kwa gramu ya kreatinini, na hali hiyo ikadumu kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo hata kama mtu anajisikia mzima. Figo hazipigi kelele. Mwenye kisukari na mwenye shinikizo la juu la damu wanapaswa kufanya kipimo hicho walau mara moja kwa mwaka, maana kijiti cha kawaida hakioni albumini ikiwa bado ni kidogo, na wakati huo ndio hasa wenye nafasi kubwa ya kuokoa kitu. Kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, protini pamoja na shinikizo lililopanda ni onyo la hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na huyo hapaswi kurudishwa nyumbani asubiri kliniki ijayo.

Kuhusu sukari nitasema machache. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, aliukausha mkojo wa mgonjwa wa kisukari kwa moto akabaki na mabaki meupe yenye ladha ya sukari, na kwa muda mrefu kisukari kilifuatiliwa kwa njia ya mkojo. Lakini figo huanza kumwaga sukari pale tu inapopita takribani milimoli 10 kwa lita ya damu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kisukari na mkojo wake usiwe na sukari hata chembe. Tena kuna dawa mpya za kisukari zinazofanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo. Anayezitumia atakuwa na alama nyingi kwenye kijiti hata akiwa amedhibitiwa vizuri. Anayetaka kujua habari ya kisukari apime damu. Na aliyemeza vitamini C kwa wingi atuambie, kwa sababu inaweza kuzuia viraka vya damu, sukari na nitriti visigeuke rangi.

Sikuandika haya kuwalaumu wenzangu. Najua foleni, najua mtu mmoja anavyofanya kazi ya watatu, najua sentrifuji inavyoharibika ikakaa bila kutengenezwa. Lakini mambo ninayoyaomba hayasubiri mashine. Kila kituo kiweke maelezo ya kuchukua mkojo, kwa maandishi makubwa na kwa michoro, ndani ya choo chenyewe, mahali ambapo mtu anayasoma akiwa peke yake bila haya. Na kwa asiyesoma, awepo mtu wa kumweleza kabla hajapewa kikopo. Saa ya kuchukua iandikwe kikoponi na kwenye fomu. Maabara iwe na haki, na ujasiri, wa kukataa sampuli iliyopitwa na muda au iliyojaa seli za ngozi, na kuomba nyingine kwa upole, badala ya kuipima ili tu karatasi ijae. Daktari anapoona neno "bakteria" kwenye majibu, atazame na idadi ya seli bapa kabla hajashika kalamu ya dawa. Na mgonjwa apewe majibu yake akiwa ameelezwa, mstari kwa mstari, hasa mstari wa protini.

Mwisho, Ndugu Mhariri, naomba gazeti lako lichapishe katika kona yoyote itakayopatikana maneno haya, ambayo ndiyo dada yule alimweleza mama yule kwa dakika tatu, na ambayo sasa tumeyabandika kwenye mlango wa choo chetu kwa upande wa ndani:

"Nawa mikono kwanza. Usifungue kikopo mpaka uwe tayari, na usiguse ndani yake wala ndani ya kifuniko. Mwanamke ajisafishe sehemu za siri kwa maji safi, afute kutoka mbele kwenda nyuma, na atanue mashavu ya uke anapokojoa. Mwanamume asiyetahiriwa arudishe govi nyuma na kusafisha ncha. Anza kukojoa chooni. Bila kukatisha, kinga kikopo katikati ya mkojo mpaka kifike nusu, kisha maliza chooni. Funga kifuniko kikaze. Andika jina lako na saa. Lete dirishani sasa hivi. Kama uko kwenye hedhi, kama una mimba, au kama kuna dawa unayotumia, tuambie, hatutakucheka."

Wako katika huduma ya afya,
Mtaalamu wa maabara